Mashine za masikio, na binti aliyenipima kichwa kabla ya kuniuzia

Hataleta. Ndivyo alivyosema mteja wangu wa Mkundi kwenye simu: jamaa wa Gairo hataleta mahindi. Mimi nikasikia ataleta. Kesho yake, mashineni kwangu ninakosaga nafaka, nikawarudisha akina mama wa debe mojamoja, nikawaambia leo kuna kazi kubwa, njooni keshokutwa. Nikaita vibarua wawili. Tukakaa kwenye benchi mpaka adhuhuri tukiitazama barabara, na magunia 30 hayakutokea. Nilipompigia kumfokea, akanijibu polepole kama anayesema na mtoto: "Mzee, si nilikwambia hataleta?"

Herufi moja. Na yenyewe ni h, ambayo sisi wengi wa huku tunaimeza hata masikio yakiwa mazima. Lakini siku ile niliwalipa vibarua kwa kukaa kivulini, na jioni mke wangu akarudia neno alilokuwa akilisema kwa miaka mitano: nenda kapime masikio.

Haya, nimepima, nimenunua, nimezivaa miezi saba. Watu wawili watatu pale mashineni wameniuliza nilinunua wapi na kama zinafaa, nikaona niandike mara moja niwe namwonyesha kila anayeuliza. Ila niseme mapema: kilichonikalisha chini kuandika si mashine zenyewe. Ni dakika 40 ambazo binti mmoja alizitumia kupima kitu ambacho hakimo sikioni.

Nina miaka 63 na nasaga na kukoboa hapa Morogoro tangu 1996. Zamani tulifunga kitambaa puani kwa ajili ya vumbi, masikio tukayaacha wazi, hakuna aliyetuambia. Kiwango kinachotumika makazini sehemu nyingi duniani ni desibeli 85 kwa saa 8, na kila zikiongezeka desibeli 3 muda wa salama unakatika nusu. Mjukuu wangu aliipima mashine yangu kwa simu yake, ikasoma 98. Najua simu si maabara, lakini kwa hesabu hiyo muda wangu wa salama ulikuwa unaisha kabla ya nusu saa, na mimi nilikuwa nasimama pale kutwa. Miaka mingapi hiyo, jumlisha mwenyewe.

Kabla ya kufika nilikofika nilipoteza hela mara moja na nusura nipoteze mara ya pili.

Mara ya kwanza niliagiza kwa muuzaji wa mtandaoni kidude cha kupachika sikioni, 45,000. Hicho kinapandisha kila kitu sawasawa. Vijiko vikawa radi, feni ikawa lori la mlimani, na mke wangu akabaki kunong'ona kulekule alikokuwa. Nilikivaa siku tatu nikampa mjukuu achezee. Mara ya pili niliingia duka moja, nikakuta kijana ana tai na maneno mengi. Hakuna chumba cha kupimia, feni inazunguka juu yetu, bodaboda zinapita mlangoni, naye anataka nilipe 3,200,000 siku hiyohiyo. Nilipositasita akanitisha: "Mzee, usipovaa sasa, miaka miwili utasahau mpaka majina ya wanao." Nikatoka. Sipendi kutishwa na mtu anayenitolea mashine ya kuswaipu kadi.

Kliniki ninayoisifia iko Dar es Salaam, ghorofani, na jina silitaji kwa sababu binti mwenyewe aliniomba. Yuko peke yake na foleni yake tayari ni ya wiki tatu. Mimi nilipanda treni ya umeme asubuhi, chini ya saa mbili nimefika, na kwenye behewa sikuambulia tangazo hata moja, nikawa naangalia wenzangu wakisimama nami nasimama.

"Shikamoo baba." Marahaba. Kitu cha kwanza alichofanya ni kuhamisha kiti chake. Dirisha lilikuwa nyuma yake, akaja upande wa pili ili mwanga umpige usoni. Sikuelewa wakati ule. Nilielewa baadaye: mdomo wake nao ulikuwa sehemu ya maneno.

Alinitazama ndani ya masikio, akatoa nta ya upande wa kushoto, kisha akaniingiza kwenye kile chumba kidogo kama kabati la nguo, mlango mzito kama wa friji la bucha. Unavaa spika za masikioni, unabonyeza kitufe kila ukisikia mlio. Ilichukua dakika kama 20. Alipotoa chati nikaiona mwenyewe: mstari unakwenda vizuri kwenye sauti nzito, unafika hertz 2,000 unaanza kuteremka, kwenye 4,000 unatumbukia shimoni mpaka desibeli 65, yaani mlio lazima upandishwe hadi hapo ndipo niusikie, halafu kwenye 8,000 unapanda kidogo. Akaweka kidole kwenye lile shimo. "Baba ulikuwa fundi mabati?" Nikamwambia msagaji. Akasema hiyo ndiyo saini ya kelele. Ndani ya kila sikio, akaeleza, kuna seli zenye vinywele kama 15,000 hivi, na kwa binadamu zikishakufa hazioti tena. Zangu za sauti nyembamba niliziacha mashineni.

Hapo nikaelewa kwa nini kwa miaka mingi nilikuwa naapa kwamba nasikia. Nilikuwa nasikia kweli. Irabu zina sauti nzito na nguvu, a, i, u zinapita vizuri. Zinazokaa kule juu kwenye shimo ni s, f, sh, t, k. Na lugha yetu karibu kila neno linaishia na irabu, kwa hiyo mimi nilikuwa napata wimbo wa sentensi nzima bila mifupa yake. Mtu akisema "amefika" napata a-e-i-a. Inaweza kuwa amepika, ameshika, amezika. Kati ya kupika na kuzika kuna tofauti, na nilishawahi kumuuliza mtu "nani kafa?" kumbe naambiwa chakula tayari.

Nilidhani tumemaliza na sasa atanionyesha mashine. Badala yake akaweka kompyuta mbele yangu, akasema tutafanya mchezo, na kwamba mchezo huu hauna haja ya masikio kabisa.

Kwenye skrini zinatokea sentensi fupi, nasoma kwa macho. "Mama alichota maji." Nasema ina maana. "Mbuzi alisoma gazeti." Nasema haina. Zikipita tatu anasimama: nitajie neno la mwisho la kila sentensi. Maji, gazeti, na la tatu. Sawa. Zikipita nne, ananiuliza maneno ya kwanza badala ya mwisho, na hujui mapema atauliza yapi. Nikaanza kutoka jasho. Zilipopita tano nilikumbuka mbuzi tu, kwa sababu alinichekesha. Kisha akanisomea tarakimu, kwa sauti ya kutosha na polepole, nizirudishe kinyumenyume. Nne niliweza. Tano ziliniangusha.

Nikaona aibu, nikasema, mwanangu, mimi nimekuja kwa ajili ya masikio, kichwa changu kizima. Nawapangia watu madeni 40 bila daftari.

Alicheka. Akasema hajapima akili wala kumbukumbu ya madeni. Hayo yako ghalani, ni ya muda mrefu. Alichopima ni kitu kinaitwa kumbukumbu tendaji, yaani sehemu ndogo ya kichwa inayoshika maneno machache kwa sekunde chache huku ikiyafanyia kazi. Akaniuliza mashine yangu inafanyaje kazi. Nikamwambia: mahindi unamimina kwenye bakuli la juu, yanateremka kidogokidogo kwenye nyundo, chini unatoka unga. Akauliza, na mahindi yakiwa mabichi? Nikamwambia yanakwama, nyundo zinahangaika, bakuli linajaa, ukiendelea kumimina yanamwagika pembeni.

"Ndiyo hivyo baba," akasema. "Mahindi makavu ni maneno yaliyofika mazima. Yanapita yenyewe, hujui hata kama unasaga."

Nilichokipenda ni kwamba hakunisomea kama mwalimu. Aliniambia kuna watu Sweden, chuo kikuu cha Linköping, wakiongozwa na Jerker Rönnberg, walioandika maelezo ya jambo hili mwaka 2003 na wakaendelea kuyarekebisha. Kwa ufupi wanasema hivi: neno likifika safi, linakutana na mwenzake aliye ghalani papo hapo, bila jitihada. Likifika limekatwakatwa, halioani na lolote, na hapo inabidi bakuli la juu, yaani hiyo kumbukumbu tendaji, lifanye kazi: lishike vipande, lisubiri maneno yanayofuata, likisie, lirudi nyuma kurekebisha. Wakati huo msemaji hakusubiri. Ameshamwaga debe la pili.

Akanitajia jambo jingine nililoondoka nalo kuliko yote. Mwaka 1968 mtafiti Mwingereza, Patrick Rabbitt, aliwasikilizisha watu wenye masikio mazima orodha ya tarakimu, mara kwenye ukimya, mara kwenye kelele kidogo. Kwenye kelele waliweza kuitaja kila tarakimu sawasawa ilipopita. Lakini walipoulizwa wazirudie baadaye, walikumbuka chache zaidi. Mwaka 2005, Marekani, wengine wakarudi kwenye jambo hilo kwa wazee: unasikiliza maneno yakipita, yanakatizwa ghafla, unataja matatu ya mwisho. La mwisho kabisa wote walilitaja vizuri, wenye masikio mazima na wenye masikio mabovu, maana yake wote walilisikia. Wenye masikio mabovu walipungukiwa yale yaliyotangulia. Walikuwa wameyasikia. Nguvu ya kuyahifadhi ilikuwa imetumika kuyasikia.

Nilinyamaza kidogo. Kwa sababu nyumbani kulikuwa na jambo ambalo halikusemwa waziwazi. Ninarudi kutoka kwenye kikao, mke wangu ananiuliza wamesema nini, nami sina kitu. Nilikuwa pale, nilikuwa naitikia, ninaweza kuapa nilisikia, na hakuna kilichobaki. Nilimsikia (hilo nililisikia vizuri sana) akimwambia dada yake kwamba mzee ameanza kusahau. Nami nilikuwa nimeanza kuamini.

Nikamuuliza binti habari ya yule kijana wa tai. Hakunificha. Akasema uhusiano kati ya kupungua usikivu na ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu uzeeni upo kwenye tafiti nyingi, na jopo la jarida la kitabibu la Lancet limeuweka kati ya mambo yanayoweza kurekebishwa. Lakini jaribio kubwa la Marekani lililotolewa mwaka 2023, la watu 977 wa miaka 70 hadi 84 waliofuatiliwa miaka mitatu, halikuona tofauti kwa kundi zima kati ya waliopewa vifaa na wasiopewa. Ila kwa wale waliokuwa na hatari kubwa tangu mwanzo, kudhoofika kwa uwezo wa kufikiri kulipungua kasi kwa karibu nusu. "Kwa hiyo," akasema, "nunua ili umsikie mama nyumbani. Hayo mengine yakija ni nyongeza." Kwa jibu hilo tu nilitoa hela mfukoni.

Na nilimuuliza, je, hilo bakuli haliongezeki? Maana kwenye simu kuna michezo inauzwa ya kunoa ubongo. Akasema ukicheza mchezo huo utakuwa hodari wa mchezo huo. Nihifadhi hela yangu ya betri. Na kuhusu ukubwa wa bakuli, nisione haya: mwaka 1956 mwanasaikolojia mmoja wa Marekani aliandika kwamba binadamu anashika vitu saba hivi kwa mara moja, ongeza mbili au toa mbili, na waliokuja baadaye wakashusha mpaka karibu vinne. Jina la yule wa kwanza ni George Miller. Mjukuu wangu alipolisikia akacheka mpaka akakaa chini, kwa maana Miller kwa Kiingereza ni msagaji.

Sasa mashine zenyewe. Ni jozi ya kuvaa nyuma ya sikio, waya mwembamba unaingia ndani, nchani pana mpira wenye matundu ili sauti nzito ninazozisikia mwenyewe ziendelee kuingia bila kusaidiwa. Nililipa 1,900,000 kwa zote mbili, pamoja na kurudi kwake mara tatu kurekebishwa. Si bei ndogo. Ni bei ya mota nzuri iliyotumika.

Kwa nini alipima kichwa, lilionekana hapa. Mashine hizi zinapandisha sauti ndogo na kuzishika kubwa zisikuumize, na kuna namna mbili za kufanya hivyo. Moja ni ya haraka: inapanda na kushuka ndani ya neno lenyewe, inakuokotea kila konsonanti iliyojificha kati ya kelele. Nyingine ni ya polepole, inaiacha sauti ya mtu na umbo lake. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti wa Scotland na Skandinavia waliona kwamba wenye bakuli kubwa mara nyingi hufaidika na ile ya haraka kwenye kelele inayopanda na kushuka, kwa sababu wana nafasi ya kuzoea sauti iliyobadilishwa umbo. Wenye bakuli la wastani kama langu hupumua vizuri zaidi na ya polepole. Akaniambia wazi kwamba tafiti za baadaye hazikukubaliana zote, ndiyo maana anapima kisha anamwacha mtu ajaribu. Nikajaribu zote mbili, wiki mojamoja. Ya haraka ilinipa s nyingi mno. Kila mtu alikuwa kama nyoka, na kufika saa kumi jioni kichwa kinauma. Ya polepole naisahau kama naivaa. Angekuwa yule kijana wa tai ningeuziwa ya kwanza na kuambiwa nitazoea.

Ziara ya pili ndiyo niliyoifurahia kuliko zote. Niliwahi kumwambia kwamba Kiswahili ni kigumu kusikia, akanibishia. Akaziba mdomo kwa karatasi, akasema sentensi na kumeza neno moja makusudi: "Kile mmh cha bibi kimevunjika." Nikabaki. Akaniuliza, kinaweza kuwa nini? Nikasema kikombe, kiti, kioo, kitanda, kijiko. "Si gari?" Si gari, lingekuwa limevunjika. "Si meza?" Si meza. Akaendelea: "kimevunjika mguu." Ah, kiti. Au kitanda. "Na jana alianguka nacho akiwa anakula." Kiti.

Miaka 63 nasema lugha hii sikuwahi kuiona hivyo. Ki, cha, ki, cho: jina lilipotea lakini lilikuwa limeacha nyayo kwenye kila neno lililofuata. Ila ili uzifuate nyayo lazima uiache nafasi ile wazi kichwani, uibebe mpaka mwisho wa sentensi, usiiangushe na usikimbilie kuijaza. Hilo ndilo bakuli. Makosa yangu, akaniambia, ni kwamba nikikosa neno moja nilikuwa nasimama palepale kulitafuta, na sentensi inaondoka bila mimi.

Tatizo ni vitu visivyo na nyayo. Majina ya watu. Vitongoji. Na namba. Sitini na tisini, hebu zisikilize bila s na bila t. Nilishamdai mtu 90,000 badala ya 60,000 tukakosana wiki nzima. Na lile h la kukanusha, ana na hana, ataleta na hataleta, hakuna kinachofuata cha kukusahihisha. Sasa namba naandikiwa kwenye karatasi ama kwenye ujumbe wa simu, na anayekanusha naomba aanze na "hapana". Mteja wa Mkundi anaona ni majivuno. Aone.

Aliniagiza nije na mtu ninayeishi naye, nikaja na mke wangu. Alimpa yeye masomo zaidi kuliko mimi. Asiniite kutoka jikoni. Aanze na jina langu, asubiri nigeuke. Aseme kwanza habari inamhusu nani ndipo aseme habari, kwa sababu nikijua tunazungumzia harusi ya mtoto wa kaka, ghala lote la maneno ya harusi linafunguka mapema na bakuli linapata nafuu. Na nisiposikia, asirudie neno lilelile kwa kupiga kelele, alibadilishe. Mke wangu akasema, "Kumbe nimekuwa nikimpigia kelele miaka mitano bure." Kisha akageuka: "Lakini naye anaitikia hata asiposikia!" Hiyo ni kweli. Niliambiwa niache.

Jaribio la kweli lilikuwa kikao cha harusi hiyohiyo. Ukumbi wa mabati, viti vya plastiki vinakwaruza sakafu, watu 30, jenereta nje. Binti alikuwa ameniazima kwa wiki moja kipaza sauti kidogo kisicho na waya, unamwekea msemaji mezani na sauti inakuja moja kwa moja masikioni. Nikakiweka mbele ya mwenyekiti. Nilirudi nyumbani nikamweleza mke wangu mwanzo mpaka mwisho: shemeji ameahidi 150,000 na kreti 4 za soda, wa Kilosa wamesema watakuja na mbuzi, mhasibu ameulizwa risiti za turubai akakasirika. Alinitazama muda mrefu. Hakusema kitu, akaenda kuniwekea chakula, lakini tangu hapo sijasikia habari ya mzee kusahau.

Hicho kipaza sauti ni 620,000 na sikukinunua. Mashine zenyewe kwenye kikao, bila kipaza, nipime vipi? Mtu wa mezani kwangu nampata karibu wote. Wa meza ya pili nampata nikiwa nimepumzika. Wa nyuma simpati na nimeacha kumfukuzia. Nakaa karibu na mwenyekiti, mgongo ukutani, jenereta upande wa sikio bovu zaidi.

Kasoro zipo, na nyingine si za binti bali za kazi yangu. Unga. Vitundu vya kunasia sauti ni vidogo kama tundu la sindano, na sembe ni laini kuliko poda. Wiki ya pili zilikuwa zimeziba kabisa nikadhani zimekufa. Alizisafisha kwa brashi dakika mbili, kisha akanisema kwa adabu: mashineni sitakiwi kuzivaa kabisa, pale nivae vikinga-kelele vikubwa vya kufunika masikio, nizihifadhi seli zilizobaki. Sasa zinalala ofisini kwenye kikopo chenye vijipakiti vya kunyonya unyevu. Jasho la Februari linaziumiza pia. Kofia ya bodaboda inazing'oa.

Uchovu haukuisha, umepungua. Nilidhani nikishavaa nitakuwa kijana. Kufika usiku natoa zote mbili, naziweka, na ile saa ya kukaa bila kusikia vizuri imekuwa starehe. Watafiti huko Ulaya wanapima uchovu huu kwa kutazama mboni ya jicho, inapanuka mtu anapohangaika kusikiliza. Mke wangu hahitaji kipimo hicho, anasema nikichoka naanza kuitikia "eeh, eeh" kama zamani, basi anaacha mazungumzo mpaka asubuhi.

Foleni ya wiki tatu ni ndefu. Ukikosa miadi yako, unarudi mwisho wa foleni, hata treni ikichelewa. Nilimlalamikia hilo, akaniomba radhi lakini hakubadilisha. Risiti inaandikwa kwa mkono na haielezi bei ya kila kitu, nami ni mfanyabiashara, napenda kuona.

Lakini nyota moja niliyoipunguza kati ya tano ni ya betri. Zangu ni namba 312, zenye stika ya kahawia, zile zinazofanya kazi kwa hewa: ukibandua stika unaziacha nje kama dakika moja ndipo unazitia, na ukishabandua zimeanza kuisha hata usipozitumia. Kwangu zinakaa siku sita. Pakiti ya sita ni 12,000 pale kliniki, Morogoro nimeipata duka moja la dawa kwa 18,000, na mara mbili hawakuwa nazo kabisa. Aliyekuuzia kitu cha milioni mbili kasoro angekuambia hili mapema, tena akuonyeshe na zile za kuchaji. Hakuniambia mpaka ziliponiishia nikiwa msibani.

Kwa hiyo nne kati ya tano. Ukienda, chukua miadi ya asubuhi kabla kichwa hakijachoka, maana ule mchezo wa mbuzi na gazeti saa nane mchana usingenipa hata sentensi tatu. Nenda na unayeishi naye. Na kama ulishapimwa kwingine, beba chati yako, ataitazama kabla ya kukutoza.

Ya kulia imelia tiitii mara mbili sasa hivi, ikilia ya tatu inazima. Naenda kutafuta pakiti.